Mwenye Nyumba Yuko Uani

Juzi jioni kijana wa bodaboda alipiga honi getini. Nikatoka uani na bukta yangu, ndala ya kulia ya bluu, ya kushoto ya kijani, nikafungua. Akanikabidhi mfuko wa chipsi kuku. "Mzee, mpelekee bosi wako, mwambie buku mbili ya usafiri bado."

Nikageuka kumtafuta huyo mzee mwenye bosi. Nyuma yangu kulikuwa na mwembe tu.

Ndugu zangu, nyumba ya huyo bosi ni yangu. Hati ina jina langu. Msingi nimeuchimba nikiwa nimeshika koleo kwa mikono hii. Lakini chipsi zilikuwa zinapoa, na mpangaji mwenye njaa si mtu wa kumkumbusha kodi, kwa hiyo nikazipeleka. Mke wake akafungua mlango wangu, akasema, "Asante sana babu," akanipa jero.

Nikaipokea.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani nimefilisika. Nyumba zetu sisi watumishi wa Dar es Salaam hazijengwi, zinaota kama mhogo. Mwaka huu jani, mwakani kimya, mwaka wa tatu unasikia kumbe chini kulikuwa na kitu. Mimi nilianza msingi 1996 pale Kimara Temboni. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zikaujaza maji, watoto wa mtaa wakapata bwawa la kuogelea. Wengine leo ni watu wazima na wananiamkia kwa shukrani. Nikapaua 2004. Tukahamia 2006, mbele vioo, nyuma mabati, juu hakuna dari, usiku mnalala mkiangaliana na popo. Vyumba sita, sebule, ukumbi wa chakula, stoo, na kibaraza chenye nguzo nne. Fundi alinishawishi kwamba bila nguzo itaonekana zahanati.

Kwa nini vyumba sita? Kwa sababu watoto wanne, mgeni mmoja, sisi wawili. Hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa, tatizo ni kwamba watoto hawakusimama kunisubiri. Dari ya gipsamu, ile yenye taa zinazochungulia, niliiweka 2017. Wakati huo Neema keshaolewa, wa pili yuko Mwanza. Wa tatu alikuwa wizarani, serikali ilipohamia Dodoma ikaenda naye. Wa mwisho aliondoka wiki niliyomaliza kupaka chumba chake rangi aliyoichagua mwenyewe. Ukiniuliza mimi, rangi ndiyo iliyokuwa inawafukuza.

Tukabaki wawili na vyumba sita. Mnajua nyumba ya vyumba sita yenye watu wawili ikoje? Mnatafutana kwa simu. Nikiwa kibarazani nikataka chai, nambip Mama Neema jikoni. Bip moja chai, bip mbili chai na kitu cha kutafunia. Yeye akitaka nikafungue maji ya tangi, ananipigia kabisa, maana bip zake nilikuwa najifanya sizioni.

Halafu 2023 nikatimiza miaka 60, nikastaafu. Kikokotoo mnakijua, ile hesabu ya kugawa mafao ya mstaafu. Mwaka ule mkupuo ulikuwa asilimia 33, nyingine unaletewa mwezi kwa mwezi kama dozi. Mkupuo wangu ukaonana na paa lililokuwa linavuja, ukaonana na mfumo wa maji taka, tukaagana. Ndipo Mama Neema, usiku mmoja tukiwa tumekaa chini ya zile taa zinazochungulia, akasema, "Baba Neema, hii nyumba inatula. Tuipangishe, tuhamie uani."

Uani! Banda la uani nililijenga 2001 kutunzia saruji na kumlaza fundi. Saruji ilipoisha likawa la kuku wa mayai, mpaka 2011 kideri kilipopita, asubuhi moja nikabaki na vyombo vya maji tu. Baadaye nikalipiga sakafu, nikaweka choo, akakaa mpwa wangu. Chumba kimoja na sebule, na jiko ambalo ukifungua jokofu lazima mlango wa nje uwe umefungwa. Mimi, niliyewahi kuwa na saini ya kuidhinisha safari za watu, nikalale alipolala kuku?

Nikapinga kwa muda wa siku nne. Siku ya tano ikaja bili ya fundi wa paa.

Dalali akaleta mpangaji, kijana mstaarabu, mke na watoto wawili. Kazi nzima ya dalali ilichukua dakika kama saba, na kati ya hizo, dakika tatu alikuwa anaongea na simu. Akalipwa na mpangaji kodi ya mwezi mmoja. Kisha akanijia mimi nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa pole msibani: "Mzee, na wewe basi ya soda."

Sasa kuhama. Kutoka mlango wangu wa jikoni mpaka mlango wa banda ni hatua 22, nimezihesabu. Sihitaji fuso, sihitaji kirikuu, sihitaji hata guta. Nikaita vijana watatu wa pale kwenye kijiwe. Wakazunguka, wakatazama, wakaenda pembeni kujadiliana, wakarudi: elfu sitini. Nikawaambia wanangu, hapa na pale hata jogoo anafika bila kupumzika. Mkubwa wao akanijibu, "Mzee, sisi hatubebi umbali. Tunabeba kabati."

Alikuwa na hoja. Kabati nitalifikia.

Tulianza na kitanda. Kitanda changu ni sita kwa sita, chumba ni futi kumi kwa tisa. Kwenye karatasi kinaingia, na kweli kiliingia, isipokuwa sisi. Mlango unafunguka nusu, unaingia kiubavu, unapiga hatua moja, ya pili tayari uko kitandani. Mama Neema analala upande wa ukuta, na akitaka kutoka usiku lazima anivuke kama mtaro. Makochi yalikuwa seti kamili, la watatu, la wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja. Limeingia la watatu peke yake. Meza ya watu wanane nimemuuzia mama wa genge kwa bei ambayo sitaitaja, na sasa kila nikienda kununua nyanya naziona zimekaa pale, zinang'aa, zimestarehe kuliko mimi.

Lakini yote hayo ni fenicha tu. Balaa ni stoo. Mtu hajui ana nini mpaka apewe stoo ndogo. Nilikuta televisheni ya chogo ya inchi 21 ambayo tangu walipozima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 haijaonyesha kitu zaidi ya chenga. Nilikuta antena yake, ile ya vifuniko vya sufuria. Nilikuta vipande vya nondo, bati sita, ndoo ya misumari iliyopinda ambayo nilikuwa nitainyoosha nikipata nafasi, na daftari zote za watoto toka darasa la kwanza. Magazeti ya Oktoba 1999, Mwalimu alipofariki, niliyafunga vizuri kwa kamba ili wajukuu waje kusoma. Mchwa wamesoma wao. Wamesoma kurasa zote, wamebakiza tangazo la mafuta ya kupikia.

Mama Neema akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hiyo ya kazi gani?" Nikasema itakuja kusaidia. "Na hiyo?" Hiyo nayo. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaja na mzani wake, nikaona miaka 27 ya ujenzi inapimwa kwa kilo huku mtu anatafuna muwa.

Zamu yake ilipofika nikasimama mlangoni na mimi. Nikaweka mikono kiunoni na mimi. Kanga doti 61, nyingine hazijakatwa. Sufuria nne za shughuli, kila moja unaweza kumwogeshea mtoto wa darasa la tatu. Ndoo 19 na mifuniko 23, maana yake kuna ndoo nne zilishakufa na mifuniko bado inasubiri. Nikauliza kwa adabu, "Mama Neema, hivi vya kazi gani?" Akaniangalia kama nimemuuliza mama yake ni wa kazi gani. Kumbe vyangu ni takataka, vyake ni kumbukumbu. Sufuria zimelala chini ya kitanda. Ndoo zimepangwa bafuni mpaka dirishani, ukioga unahisi unatazamwa.

Haya, kabati. Kabati la vyombo la mninga, milango ya vioo, upana futi sita, urefu futi saba. Nilitengenezesha Keko 2007. Liliingizwa sebuleni kupitia dirisha kabla sijaweka nondo, jambo ambalo wote tulilisahau mpaka asubuhi ya kuhama. Ikabidi aitwe fundi wa kuchomelea akate nondo, kabati litoke, achomelee tena. Wale vijana wakanitazama bila kusema neno. Hawakuhitaji kusema. Likafika mlango wa banda, mlango una futi mbili na nusu. Tukalijaribu kwa wima. Tukalijaribu kwa ubavu. Kijana mmoja akashauri tubomoe ukuta. Mwisho likasimama nje, kwenye kibaraza cha banda, limefunikwa turubai kama gari la mtu aliye Ulaya.

Na ndani yake kuna seti ya vyombo vya wageni. Sahani za maua ya dhahabu, vikombe, na bakuli kubwa la supu lenye mfuniko na upawa wake. Vina umri wa kabati. Havijawahi kugusa chakula. Mchungaji alikuja, akala kwenye melamini. Siku ya kumposa Neema vilitolewa vyote, vikafutwa vumbi, vikatazamwa, vikarudishwa ndani, wakwe wakala kwenye sahani za kukodi. Nilimuuliza Mama Neema siku hiyo, huyu mgeni tunayemtunzia anatokea wapi? Akasema, "Mgeni hana taarifa."

Maisha ya uani yana sauti. Kule ndani nikiitwa nilikuwa na haki ya kutosikia. Kuta nne katikati, nani angenishtaki? Hapa nikiwaza tu kwa nguvu, Mama Neema anajibu kutoka jikoni. Mimi nikipiga chafya sebuleni, chungwa linaanguka mezani. Anajua mpira ninaoangalia umefika dakika ya ngapi kwa jinsi ninavyopumua. Na mimi nimegundua, baada ya miaka 35 ya ndoa, kwamba huyu mwanamke anaongea na mboga. Anaukemea mchicha.

Kwa upande wa mpangaji sina ugomvi, ila ana tabia moja mbaya: ana haki. Mita ya umeme ni moja, iko kule kwake, mimi nachangia. Mwezi uliopita akaja na simu yake, kikokotozi kimefunguliwa. "Mzee shikamoo. Kuna ile kodi ya jengo wanayokata nikinunua umeme, elfu moja na mia tano kila mwezi. Mimi si mwenye jengo. Ni miezi minane sasa." Nikatafuta pa kumshika, sikupata. Elfu kumi na mbili. Nikamlipa nimevaa ndala zangu mbili, naye amesimama kwenye kibaraza changu, ameegemea nguzo yangu. Zile nguzo kweli zinampa mtu hadhi. Fundi alisema.

Faida niliyokuwa naitegemea ni wageni kupungua. Nyumba kubwa ni kituo cha mabasi. Ndugu wa Mbeya anayekuja Muhimbili, kwangu. Anayesubiri majibu ya usaili, kwangu. Huyo mpwa wangu wa bandani alikuja kwa wiki mbili, akaondoka na shahada. Kwa hiyo siku tuliyohama nilituma ujumbe kwenye kundi la ukoo, nikapiga na picha ya sebule, mlango hadi ukuta, watu waone wenyewe. Wote wakajibu kwa viganja vya kuomba. Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, simu: shemeji yangu, mdogo wake Mama Neema, kashuka stendi ya Mbezi. "Shemeji, usihangaike. Tutabanana tu."

Tumebanana. Analala kwenye kochi la watatu, naye ni mtu wa watu wanne. Miguu inaingia jikoni. Asubuhi Mama Neema anachemsha chai akiiruka kama anacheza rede. Amesema anakaa siku chache. Nilimwona jana anaulizia fundi cherehani mzuri wa hapa mtaani.

Leo asubuhi, nikimkwepa shemeji, nikatoka kibarazani kunywa chai yangu nimesimama. Nikasikia kitu kinakwaruza ndani ya turubai. Nikajua panya, nikachukua ufagio, nikafunua taratibu. Kioo kimoja cha kabati kilipasuka siku ile ya kuhama, sikumwambia mtu. Na pale rafu ya katikati, kwenye bakuli la supu lenye maua ya dhahabu, mfuniko umesukumwa pembeni, alikuwa amekaa mtetea wetu wa kienyeji. Amejijaza mle vizuri, hakuna nafasi iliyobaki. Akaniangalia kwa jicho moja.

Nikamwita Mama Neema. Akaja na mwiko mkononi. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama bakuli. Nikainua ufagio ili nionekane nafanya kitu. Akanishika mkono.

"Muache," akasema. "Ni mgeni."