Mtambo mzee wenye hitilafu: ununue au uuache?

Matangazo ya kuuza buldoza au ekskaveta iliyozeeka yana kauli moja inayojirudia: "unahitaji matengenezo madogo tu." Bei iko chini mno ukiilinganisha na mtambo mpya, na mnunuzi papo hapo anaanza kupiga hesabu ya fedha atakazookoa. Hesabu yenyewe huwa na mistari miwili, bei ya kununulia na gharama ya fundi. Wa tatu haumo: mtambo huu ukilala siku kumi katikati ya kazi, nani ataumia, na kwa kiasi gani?

Hoja ya kununua haifai kudharauliwa. Mtambo mpya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo, na hasara hiyo ilishabebwa na mmiliki wa kwanza. Anayetumia mtambo saa 200 au 300 kwa mwaka, tuseme mkulima anayechimba mabwawa na kuchonga barabara za shamba lake, hatarudisha kamwe fedha za mtambo mpya, na riba ya mkopo haisubiri msimu. Kwake yeye chaguo halisi ni kununua mzee au kukodi. Kukodi nako kuna adha zake: mtambo wa kukodi hukosekana wiki ileile unapouhitaji, kwa sababu mvua ikikaribia kila mtu anautaka.

Kuna hoja nyingine ninayoiamini zaidi. Injini za zamani zenye pampu ya dizeli ya kimakanika zinahitaji mafuta safi, hewa safi na fundi anayezijua. Basi. Viwango vya Tier 4 vya kudhibiti moshi, vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 2008 na kukamilishwa kwa hatua hadi 2015, vilileta kwenye mitambo mingi vichujio vya masizi, mifumo ya kunyunyiza urea kwenye moshi na vihisio chungu nzima. Injini hizo zinataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Mahali ambapo mafuta hayajafikia kiwango hicho, au fundi hana kompyuta na programu ya kusoma hitilafu, mtambo wa miaka minane unaweza kukusumbua kuliko wa miaka thelathini. Umri peke yake si kipimo cha chochote.

Ila hoja hii huvutwa mpaka ikakatika. Utasikia kwamba chuma cha zamani hakifi. Kinakufa. Mkono wa ekskaveta uliochimba mwamba kwa miaka hupata nyufa kwenye maungio, na weldi juu ya weldi ni dalili kwamba ufa ulisharudi. Mitambo mingi ya zamani pia haina fremu ya kumkinga opereta mtambo ukipinduka, au ilikuwa nayo ikakatwa. Huo ni upungufu usiofutwa na punguzo la bei.

Sasa tuje kwenye matengenezo yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Hitilafu zina tabia tofauti. Hozi inayovuja, sili ya silinda iliyochoka, rejeta iliyotoboka, betri, meno ya bakuli: haya yanaonekana, yana bei inayojulikana, na mwisho wake unajulikana. Mtambo uliojaa kasoro za namna hii huonekana mbaya, na mara nyingi ndio nafuu ya kweli, kwani sura yake imewakimbiza wanunuzi wengine.

Pampu ya haidroliki ni habari nyingine. Katika ekskaveta nyingi za ukubwa wa kati mfumo huo hufanya kazi kwa presha inayokaribia baa 350 (baa ni kipimo cha presha). Pampu inapovunjika ndani, chembe za chuma husafiri na oili hadi kwenye vali, mota za minyororo, mota ya kuzungusha kabini na silinda zote. Anayebadilisha pampu bila kusafisha tangi, mabomba na kipoza oili amenunua pampu itakayokufa kwa uchafu wa ile ya kwanza. Muuzaji akikwambia "ni pampu tu", hilo neno "tu" linaweza kuwa ghali kuliko mtambo wenyewe.

Minyororo na vyote vinavyoishikilia (roli, sproketi yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo, gurudumu la mbele) haviwi siri, lakini watu huvipita wakakimbilia kusikiliza injini. Kwa buldoza, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba karibu nusu ya gharama za matengenezo maishani mwake huishia huku chini. Meno ya sproketi yaliyochongoka kama ncha za mikuki yanamaanisha seti nzima inakaribia mwisho, si kipande kimoja.

Injini nayo husema ukiikuta baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekunyima kipimo muhimu, kwa hiyo gusa boneti kabla ya kusalimia sana. Moshi mweusi ni dizeli inayozidi hewa, na pengine chujio au nozeli ndiyo tatizo. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda, au dizeli isiyoungua. Haidroliki hupimwa kinyume chake: fanya kazi nzito hadi oili ipate moto na kuwa nyepesi, ndipo pampu iliyochoka inapojifichua kwa mkono kulegea na kupungua kasi. Jaribio la dakika tano uwanjani kwa muuzaji halifiki huko.

Mita ya saa isikupumbaze. Inabadilishwa, inaharibika, inakatwa waya. Linganisha saa zinazosomeka na pedali zilivyoliwa, kiti, levaa, na kulegea kwa pini na bushi za maungio. Afadhali zaidi ni sampuli ya oili kupelekwa maabara: chuma na shaba zikizidi, kuna kinachosagika, silikoni nyingi ni vumbi lililopita kwenye chujio la hewa. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya bei ya mtambo, na bado wanunuzi wengi huiruka.

Vipuri ndivyo vinavyoamua mengine. Majina makubwa kama Caterpillar na Komatsu bado yanapatiwa spea za modeli za miongo iliyopita, halisi au za watengenezaji wengine. Lakini wapo waliouzwa na majina yao yakafifia: International Harvester iliuza tawi lake la mitambo ya ujenzi kwa Dresser mwaka 1982. Kabla ya kulipa, chukua namba za vipuri vitatu vinavyohitajika na uulizie bei na muda wa kuvipata. Mtambo uliokwisha kufunguliwa, injini ikiwa sakafuni na bolti kwenye ndoo, mimi ningeuepuka hata kwa bei ya kutupwa. Aliyeufungua alikwama mahali, na hatakwambia wapi.

Nikirudi kwenye ule mstari wa tatu, wa hasara ya mtambo kulala, mkandarasi mwenye mkataba wa tarehe, malori yanayosubiri kupakiwa na faini ya kuchelewa hana nafasi ya kujaribu, labda awe na mtambo wa pili wa kushika kazi. Mwenye kazi yake mwenyewe, karakana na fundi wa kudumu anaweza kuchukua hata mtambo unaohitaji miezi kadhaa, ilimradi hitilafu imejulikana.

Bei ya juu ya kukubali hupatikana kwa kuanzia nyuma: thamani ya mtambo kama huo ukiwa mzima, toa matengenezo yaliyothibitishwa na fundi wako, toa usafiri wa lobedi (trela la kubebea mitambo), toa na akiba ya yale yatakayoibuka ukianza kufungua. Muuzaji akikataa mtambo ujaribiwe ukiwa baridi, au ufanyishwe kazi hadi upate moto, usihesabu kwamba injini na haidroliki ni nzima. Kilichobaki mbele yako ni vipuri na vyuma chakavu, na vyuma chakavu vina bei yake kwa kilo.