Kinu cha Mtabila, friza la Ohio

Mwezi Januari dada mmoja Mhaiti ninayefanya naye kazi ghalani alinifuata kwenye chumba cha mapumziko akaniuliza kama nahitaji friza. Lile la kufunulia juu, halijamaliza miaka mitatu, analiuza dola 80. Nikamwambia asiharakishe, tusikie kwanza jaji atasemaje. Akacheka kwa pua. Akasema habari za majaji anazisikia tangu 2017. Anachotaka kujua ni kama gereji kwangu kuna nafasi.

Sisi wabeba boksi hatuulizani makaratasi. Ndiyo adabu ya huku, kama kule kwetu usivyomuuliza mtu mshahara. Ya kwake nayajua kwa sababu aliwahi kuniomba nimsomee barua. Alikuja Marekani 2009 kwa viza ya matembezi, na tetemeko la Januari 12, 2010 likaibomoa Port-au-Prince yeye akiwa huku. Siku chache baadaye Wahaiti waliokuwa tayari ndani ya Marekani wakapewa TPS, yaani hadhi ya ulinzi wa muda: hufukuzwi, unapata kadi ya kazi, unakatwa kodi kama sisi wengine, na muda ukikaribia kuisha unasubiri kuambiwa kama unaendelea. Kadi yake ina alama ya A12, ya wenye TPS, na tarehe iliyokwisha kupita zamani. Kinachomweka kazini ni karatasi iliyochapwa kutoka tovuti ya idara ya uhamiaji, inayosema kwamba kwa sababu ya kesi ya kupinga TPS ya Haiti kufutwa, kadi ile ihesabiwe hai mpaka Februari 3, 2026. Karatasi ameikunja mara nne, anaitunza kwenye kimfuko cha plastiki cha kuwekea mkate. Akija msimamizi mpya wa zamu, dada anaitoa, anaikunjua, na msimamizi anaisoma kwa kuinyanyua juu kwenye taa, kama muuza duka aliyeletewa noti asiyoiamini.

Miaka 16 ya ulinzi wa "muda". Mtoto aliyezaliwa wiki ya tetemeko lile sasa hivi Ohio anajifunza kuendesha gari.

Sheria yenyewe ni ya 1990, aliisaini Bush baba. Inampa waziri, siku hizi ni yule wa usalama wa ndani, uwezo wa kuitaja nchi iliyoingia vita au janga, kwa miezi 6, 12 au 18, na siku 60 kabla ya muda kuisha anatakiwa awe ameitazama upya hali ya nchi hiyo, kisha atamke kama anaongeza au anafuta. Halafu kuna kifungu kinachosema uamuzi huo hauhojiwi mahakamani. Mimi ningekisoma kifungu hicho nikafunga faili. Mawakili wa huku hawakufunga. Wakasema: jibu la waziri hatulihoji, tunahoji njia aliyopita kulipata. Aliitazama kweli hali ya nchi, au aliamua kwanza akatafuta sababu baadaye? Aliuliza wizara nyingine kama sheria inavyomtaka? Na je, kilichomsukuma si rangi ya watu wenyewe?

Kwa mlango huo mdogo, mwaka 2018 Jaji Edward Chen wa San Francisco aliizuia serikali kufuta TPS ya Haiti, El Salvador, Nikaragua na Sudan. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikamkatalia, majaji wawili kwa mmoja, lakini kesi ilikuwa haijafika mwisho, na katika kuvutana huko rais akabadilika. Ukiuliza nani alishinda utakosa jibu. Watu waliendelea kwenda kazini, basi.

Mwaka 2025 mambo yakaanza upya, safari hii kwa Wavenezuela. Waziri aliyeondoka alikuwa amewaongezea muda mwezi Januari. Waziri mpya, Kristi Noem, akaingia na kuifuta nyongeza ambayo ilishatolewa, jambo ambalo halijawahi kufanyika tangu sheria itungwe. Machi 31 Jaji Chen, yule yule, akamsimamisha. Mei 19 Mahakama ya Juu ikaiondoa amri ya Chen bila kueleza sababu, na kinga ya watu kama 350,000 ikaanguka. Septemba 5 Chen akatoa hukumu kamili ya kuwarudishia. Oktoba 3 Mahakama ya Juu ikaizima nayo. Hebu fikiria wewe ni baba, una watoto wawili na mkopo wa gari, na hadhi yako inawaka na kuzimika kama umeme wa mgao. Tena mgao una ratiba.

Ilipofika zamu ya Haiti, nilikuwa na yule dada mezani. Jumatatu ya Februari 2, jioni, barafu imeganda nje, tunasubiri zamu ya usiku ianze. Simu za Wahaiti zikaanza kulia moja baada ya nyingine mpaka chumba kizima kinatetemeka. Jaji Ana Reyes wa Washington alikuwa ameizuia serikali kufuta TPS yao, siku moja tu kabla ya tarehe. Nilitegemea vigelegele. Hakuna aliyepiga. Kaka mmoja aliegemeza paji la uso mezani akabaki hivyo hivyo. Dada akaniuliza, "Mpaka lini?" Nikaisoma ile taarifa kwenye simu yake juu mpaka chini nikitafuta tarehe. Haikuwa na tarehe. Ilisema mpaka kesi iishe.

Kabla hamjaniambia kwamba muda ukiisha umeisha, kumbukeni na hili. Serikali hiyo hiyo inayosema Wahaiti warudi, imepiga marufuku ndege za Marekani kutua Port-au-Prince tangu Novemba 2024, baada ya ndege za abiria kupigwa risasi na magenge. Wananchi wake yenyewe inawaonya wasikanyage Haiti, onyo la ngazi ya juu kabisa. Tangazo la kufuta nalo liliegemea zaidi "maslahi ya taifa" la Marekani kuliko hali ya Haiti. Hapo ndipo mawakili walipopata pa kushika, na mimi nasema walikuwa na haki ya kushika.

Usiku ule nilimpigia mama yangu, yuko nyumbani Kasulu, Kigoma. Kwao kulikuwa kumeshapambazuka. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, jaji anamzuia Rais? Na yeye anatulia?" Nikamwambia hatulii mama, anakata rufaa. Akasema, "Haya. Lakini amesikia." Halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike haya: "Wale wa Mtabila hawakuwa na wa kumwambia."

Waliokulia Kasulu wanaijua Mtabila. Ilikuwa kambi ya Warundi waliokimbia vita ya miaka ya tisini. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hata kujifunza kuongea nao hatukuhitaji; walilima vibarua kwenye mashamba yetu, tukasali nao, tukagombana nao kwa kuni. (Vita hiyo hiyo ndiyo iliyofanya Marekani iwape TPS Warundi waliokuwa kwao, kuanzia Novemba 1997 hadi Mei 2009. Mmoja alipata kadi, mwingine akapata turubai.) Mwaka 2012 wakahojiwa, familia kwa familia, na wengi wakaambiwa si wakimbizi tena. Kufika Desemba kambi imefungwa. Watu kama 35,000 walipandishwa magari kurudi Burundi. Nilikuwa kijana mkubwa, nasikiliza redio kila siku, na sikumsikia mtu hata mmoja akitaja neno mahakama.

Nilichokiona ni bei kuanguka. Wiki zile za mwisho sufuria ya Mrundi ilikuwa bei ya kikombe. Kuku, majembe, milango iliyong'olewa na fremu zake. Mama alinunua kinu na mchi kutoka kwa mama mmoja aliyezoea kutuuzia sombe, kwa hela ambayo mpaka leo anaona haya kuitaja. Kinu kizito cha mti mgumu, kimechimbika katikati kwa miaka ya kutwanga. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, wakaja upya kwa maelfu, safari hii kambi ya Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli zikafunguliwa. Mama wa kinu naye alikuja. Siku moja akapita nyumbani, mama akataka kumrudishia chake. Akakataa. Akasema hemani hakuna pa kukiweka.

Mtabila kwenyewe sasa ni kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa.

Lakini nisiiseme nchi yangu nusu. Kuna Warundi wengine, waliokimbia 1972, waliowekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hao serikali iliwauliza kuanzia 2007: mnataka kurudi au mnataka kuwa Watanzania? Mpaka 2010 watu kama 162,000 wakakubaliwa uraia. Hakuna aliyeshtaki, hakuna jaji aliyelazimisha. Vyeti vilisuasua, kwanza waliambiwa wakahamie mikoa mingine, wengi hawakushika karatasi mpaka 2014. Ukiritimba wetu mnaujua. Ila lilikuwa neno la mwisho. Mtoto wa Katumba leo hasikilizi redio kujua kama kesho yupo.

Kwa hiyo mtu akiniambia Marekani wametuzidi, namuuliza wametuzidi nini. Wametuzidi hili: mfagizi wa hoteli anaweza kusimama mahakamani akamshtaki waziri kwa cheo chake, na jaji akamtaka waziri alete barua pepe alizoandikiana na wasaidizi wake. Hilo naliona wivu, silifichi. Mwaka 2025 watu wa Sudan Kusini wenye TPS walikuwa mia mbili na ushei tu nchi nzima, hawajazi hata kanisa, na bado Desemba 30 jaji wa Boston alisimamisha kufutwa kwao. Kwetu mia mbili wangepandishwa basi asubuhi na mchana tumeshasahau. Na wivu wenyewe hauhitaji kuvuka bahari: Kenya walipotangaza 2016 kwamba wanafunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kituo Cha Sheria na tume ya haki za binadamu walikwenda mahakamani, na Februari 9, 2017 Jaji John Mativo akasema agizo hilo linakiuka katiba na linawabagua Wasomali. Kumbe inawezekana huku huku kwetu.

Lakini mahakama inanunua muda, haitoi makazi. Hili ndilo ninalobishana nalo na wenzangu wanaodhani kesi ikishinda mambo yameisha. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba aliyeingia nchini bila kukaguliwa mpakani hawezi kuitumia TPS kama daraja la kuombea grinikadi. Jirani yangu Mkongo aliyeletwa kutoka Nyarugusu kama mkimbizi, baada ya mwaka mmoja ameomba grinikadi, na miaka mitano baada ya kutua amekula kiapo cha uraia. TPS haina ngazi hiyo. Jaji hawezi kuijenga; anayeweza ni Bunge lao. Baraza la Wawakilishi limepitisha muswada mara mbili, 2019 na 2021, na mara zote mbili umefia Seneti. Ningeulizwa nimchagulie yule dada, Chen na Reyes upande mmoja na ile "ndiyo" ya Katumba upande wa pili, ningemchagulia Katumba bila kufumba jicho, pamoja na foleni ya vyeti na yote.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa nililisema hili, mmoja akaandika, "Sheria ni sheria, muda wao umeisha, wafungashe." Nikamuuliza, ndugu, humu ndani ni wangapi tulikuja kusoma miaka miwili tukasahau kurudi? Kukawa kimya. Baadaye admini akasema tuache siasa, tuendelee na michango ya msiba.

Friza sikulinunua. Wiki ya pili baada ya ile Jumatatu nilimpa dada lifti, akanikaribisha ndani nimeze chai. Liko palepale jikoni, limechomekwa, linanguruma. Akalifunua anionyeshe kwamba halina tatizo lolote, nikibadili mawazo. Ndani kulikuwa na paketi mbili za kuku na mfuko mmoja wa mahindi. Zamani, akasema, alikuwa ananunua nyama ya miezi mitatu.