Umeona Theluji Wapi?

Jumamosi moja ya Agosti tulikuwa watu saba kwenye veranda ya nyumba moja mtaani Milimani, Kisumu, kila mtu na nakala yake ya kurasa kumi na mbili. Ni kikundi kidogo cha wasomaji. Hakina jina wala katiba, kina chai na mandazi tu. Kurasa zenyewe zilikuwa za mpwa wangu. Ndani yake mlikuwa na mlima wenye theluji, joka lililojiviringa juu ya rundo la dhahabu, na mtumwa aliyenyata usiku akaiba kikombe kimoja. Joka likaamka.

Mwalimu mmoja mstaafu, mkubwa wetu pale, alivua miwani akaifuta polepole. "Binti yangu," akasema, "umeona theluji wapi?"

Watu wakacheka. Mpwa wangu akainamia karatasi zake. Kijana aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akajitosa kumtetea, ila utetezi wake ulikuwa mbaya kuliko shtaka. Fantasia, alisema, ni nyumba iliyojengwa na Wazungu wa enzi za kati, na mgeni hufuata ada za wenyeji. Ukiitaka nyumba, ichukue na baridi yake.

Tuliachana bila kuelewana. Mwalimu anashikilia kwamba mtu aandike aliyoyaishi. Kijana anashikilia kwamba utanzu una vitabu vilivyouzaa na huwezi kuukana ukoo wake. Nimeyapima maneno yao tangu siku hiyo, na nimegundua kwamba kila mmoja ana haki pale asipojua.

Nianze na kijana, kwa kuwa ushahidi wake ni mzito. Kikombe cha mpwa wangu kina umri wa miaka elfu moja na zaidi. Kimo katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari 3,182. Nakala yake pekee iliandikwa karibu na mwaka 1000 na ikaponea chupuchupu katika moto wa London mwaka 1731. Hadi leo kingo zake zimeungua. Karibu na mwisho wa utenzi huo, mtu mmoja anayemkimbia bwana wake anaingia pangoni, anachukua kikombe cha thamani, na joka linaamka na kuichoma nchi. J.R.R. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza hicho cha kale huko Oxford tangu 1925. Mwaka 1936 alitoa mhadhara akiyatetea majitu na joka la Beowulf mbele ya wataalamu walioyaona kuwa mambo ya kitoto. Mwaka uliofuata ilichapishwa riwaya yake The Hobbit, na ndani yake mwizi mdogo anateremka kwenye lindi la joka na kuiba nini? Kikombe. Majina ya mbilikimo wake karibu yote aliyatoa katika Völuspá, shairi la kale la Iceland. Hata jina la mchawi wake, Gandalf, limo mle.

Kwa hiyo anayesema kwamba fantasia ya leo imeota kwenye udongo wa maandiko ya kale hasemi uongo. Lakini mpwa wangu hajawahi kuisoma Beowulf. Kikombe alikipata kwenye filamu, filamu ilikitoa kwenye riwaya, na riwaya ilikitoa kwenye utenzi. Njiani kimemwagika kilichokuwa ndani. Katika utenzi, kinachouma si moto wa joka. Kinachouma ni mfalme mzee, aliyetawala miaka hamsini, anayekwenda kupigana akihisi kifo kiko karibu, kisha vijana aliowagawia panga na deraya wanakimbilia msituni. Anabaki mmoja tu. Jambo hilo mtu yeyote wa Nyanza aliyewahi kusimama kwenye matanga ya mzee, akahesabu ni watoto wangapi wamefika, analielewa bila kufundishwa. Joka la mpwa wangu lilichoma kijiji, basi. Sina ugomvi na kuazima. Nina ugomvi na kuazima kwa mtu ambaye naye ameazima, tena bila kuuliza kitu kilikuwa cha nini.

Sasa Mwalimu. Naye ana wa kumtaja, na ni yule yule. Tolkien alikuwa ofisa kijana katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku ya kwanza pekee, tarehe 1 Julai, jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 19,000 waliokufa. Yeye aliokolewa na homa ya mahandakini iliyoenezwa na chawa. Alirudishwa kwao Novemba. Aliandika baadaye kwamba kufikia 1918 marafiki zake wote wa karibu, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Ukifika kwenye kinamasi cha riwaya yake The Lord of the Rings, ambako nyuso za maiti hutazama juu kutoka chini ya maji, unajua mwandishi hakuzitoa kwenye kamusi.

Hapo Mwalimu angegonga meza. Bahati mbaya kwake, Tolkien mwenyewe aliulizwa. Katika barua moja alikubali kwamba kinamasi kile kinadaiwa kitu na kaskazini mwa Ufaransa baada ya Somme, kisha akaongeza kwamba kinadaiwa zaidi na William Morris, mwandishi wa karne ya 19 aliyezama katika hadithi za kale za Iceland na kuandika riwaya za Warumi na makabila ya kaskazini. Tafakari hilo. Mtu aliyeyaona matope yale kwa macho yake anasema vitabu vilimpa zaidi. Huenda alikuwa akijificha; watu waliotoka vitani huwa hawapendi kuulizwa. Mimi namsadiki nusu. Matope aliyaona, ila bila Morris na bila Beowulf asingekuwa na mahali pa kuyamwaga.

Nalisema hilo nikiwakumbuka babu zetu. Vita vile vile viliwachukua maelfu ya wanaume wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakibeba risasi na unga hadi Tanganyika, wakifa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Leo ukitaja Kariokor watu wanafikiria nyama choma. Maisha waliyapitia, tena makali kuliko ya ofisa wa Oxford. Kwa hiyo "andika uliyoyaishi" haitoshi kuwa ushauri. Mateso hayajiandiki yenyewe, yanahitaji umbo, na umbo hurithiwa au huazimwa.

Tena ukiviangalia vitabu vya kale kwa karibu, utengano huu wa kitabu na maisha unaanza kuvunjika. Kitabu kikubwa cha Kiingereza cha hadithi za Mfalme Arthur, Le Morte d'Arthur, kilikamilishwa na Thomas Malory kama mwaka 1469 au 1470, na mchapishaji Caxton akakichapa 1485. Malory alikuwa mfungwa. Mwishoni mwa kitabu anawasihi wasomaji wamwombee Mungu ampe kutoka salama. Nje ya gereza lake, koo mbili za kifalme zilikuwa zikichinjana, ndugu kwa ndugu. Sasa soma jinsi meza ya mviringo ya mashujaa wa Arthur inavyovunjika, marafiki wakilazimika kuchagua upande. Hadithi ilikuwa ya zamani hata kwake, aliitoa kwenye vitabu vya Kifaransa, lakini uchungu ulikuwa wa wiki ile. Tunachokiita "fasihi ya enzi za kati" ni maisha ya mtu fulani yaliyokwisha kupoa.

Waswahili wamelijua hili muda mrefu. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, zaidi ya beti elfu moja, kuhusu vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Mwengo hakuwahi kumwona Herekali. Walipishana miaka elfu moja na ushei. Alichukua masimulizi ya Kiarabu ya vita, akayatia katika bahari ya utenzi na lugha ya pwani. Hakuna aliyesimama Pate kumuuliza Rumi ameiona wapi. (Mwalimu, uliyefundisha tendi miaka nenda rudi, hapa naomba radhi, lakini ndivyo ilivyo.)

Kuna jambo lililonivutia zaidi, nalo lilitokea Jumamosi iliyofuata. Tulikuwa tukilinganisha mashujaa wasiouawa. Siegfried wa Nibelungenlied, utenzi wa Kijerumani wa karibu mwaka 1200, alioga damu ya joka ngozi ikawa haipenyeki, isipokuwa mahali palipoangukiwa na jani katikati ya mabega. Mkewe, akidhani anamlinda, alimfichulia adui mahali hapo kwa kushona alama juu ya vazi. Fumo Liyongo wa pwani alikuwa hafi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Akafa amepiga goti kisimani, mshale kwenye upinde, watu wakaogopa siku nyingi kwenda kuteka maji. Na huku kwetu, uwanda wa Kano, kuna Luanda Magere, mwenye mwili wa jiwe. Walang'o, kama Wajaluo walivyowaita majirani zao Wanandi na Wakipsigis, walimpa binti mzuri amuoe. Siku Magere alipougua alimwambia binti huyo amchanje dawa. Wembe ukakataa. Akamwambia basi chanja kivuli. Binti akainama, akachanja kivuli pale chini, damu ikatoka. Usiku huo huo akarudi kwao na habari.

Utenzi wa Ulaya, utenzi wa pwani, sigana ya siwindhe, yaani hadithi ya Kijaluo iliyosimuliwa katika nyumba ya bibi: zote tatu zinamfikia shujaa kupitia mtu wa nyumbani mwake. Tulikuwa tukiendelea kusifu ufanano huo pale kijana wa ngazini, yule mtetezi wa vitabu, aliposema kwa sauti ndogo, "Huyo binti hata jina hana."

Kijana huyu baba yake ni Jaluo na mama yake ni Mkipsigis. Amekulia Sondu, soko lililo mpakani mwa jamii hizo mbili, ambako uhusiano ukiharibika moshi huonekana barabarani. Hakutueleza mengi. Alisema tu kwamba kila anaposimuliwa Luanda Magere, chumba kizima huwa upande wa jiwe, naye hujiuliza yule msichana alipofika kwao alfajiri alipokelewaje, na kama alipokufa alizikwa na nani. Sijui riwaya ya ajabu inayoweza kuanza vizuri kuliko swali hilo. Hakulipata kitabuni, ila bila sigana ya kale asingekuwa na pa kulielekeza. Angebaki na huzuni isiyo na mahali pa kukaa.

Upande wa vitabu una hatari yake na sitaki kuipita kimya. Enzi za kati za Ulaya zikiigwa bila kufikiri huja na mizigo: damu tukufu ya kifalme, mrithi halali anayerudi kuponya nchi, na kundi la watu weusi wabaya kutoka upande fulani wa ramani. Kati ya jamii nyingi za magharibi mwa Kenya habari ya mfalme mmoja wa wote haikuwako. Wawanga wa Mumias walikuwa na Nabongo, mfalme wao. Kwa Wajaluo, ruoth alikuwa mkuu wa eneo lake na wazee walimbishia. Mwandishi wa huku akimwandika mfalme arudiye, ajue ameagiza samani kutoka mbali. Na dawa yake si kubadilisha mavazi, kutoa joka na kuweka nyoka wa ziwani, kutoa upanga na kuweka mkuki. Nimesoma miswada mingi ya namna hiyo, na hunichosha kuliko ile ya theluji, sababu mwandishi wake anadhani amekwisha kujikomboa.

Turudi kwa theluji. Wiki mbili baada ya kikao kile nilimkuta mpwa wangu jikoni kwa dada yangu akipaa samaki. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Mjomba, mliniuliza nimeiona wapi, lakini hamkungoja jibu."

Baada ya kumaliza kidato cha nne alifanya kazi miezi saba katika kiwanda kimoja cha samaki hapa mjini, akipakia minofu ya mbuta. Kazi yake ilimwingiza kwenye chumba cha barafu mara nyingi kwa siku. Buti nyeupe, koti refu, glovu mbili juu ya nyingine. Ukipumua, pumzi inakuwa moshi. Kope zinashikana. Vidole vinauma, kisha vinaacha kuuma, na hapo ndipo unapaswa kuogopa. Sakafuni na kutani kuna unga mweupe ambao ukiukanyaga unalia. Mlango ni mnene kama godoro. Ukijifunga, kelele yote ya kiwanda inakatika mara moja, na wewe unasikia moyo wako. Nje, hatua kumi tu, jua la Kisumu linayeyusha lami.

Nikamuuliza mbona hayo hayamo kwenye kurasa kumi na mbili. Akasema alidhani theluji ya kweli ni ile ya vitabuni, nyeupe, inayoanguka taratibu. Ile ya kiwandani aliihesabu kuwa kazi tu.

Nilimpa Beowulf, tafsiri ya Kiingereza cha leo, akae nayo mwezi mzima. Jana amenitumia ukurasa wa kwanza ulioandikwa upya. Mlima umebaki, joka limebaki, kikombe kimebaki. Mtumwa anaingia pangoni, kope zinaanza kushikana, na kabla hajaona dhahabu yoyote anasikia mlango ukijifunga nyuma yake.