Tafiti zote si sawa

Nimesoma makala moja inayosimulia matokeo ya tafiti mbalimbali. Mwandishi wake kazitia tafiti za masoko, wanyama, uhandisi na fizikia chungu kimoja, kana kwamba zote zina uzito uleule. Hapana. Huo mfano wake wa jemu dukani, wa kuonyesha kwamba chaguo nyingi humkwamisha mnunuzi, kwamba kati ya waliowekewa aina 6 asilimia 30 walinunua na kati ya waliowekewa 24 wakanunua asilimia 3 tu, ni wa mwaka 2000. Mwaka 2010 watafiti wengine walijumlisha majaribio 50 ya namna hiyo, na kwa wastani athari ya wingi wa chaguo ikawa karibu na sifuri! Mbona hilo kalinyamazia? Linganisha na fizikia: wanafizikia wa LIGO, mradi wa Marekani, walinasa mawimbi ya mvutano (mitikisiko hafifu mno ya anga lenyewe) Septemba 2015, tena kwa mitambo miwili iliyo mbalimbali, na bado walihakiki hadi Februari 2016 ndipo wakatangaza. Ila ile tafiti aliyoitaja ya nyuki kuelewa sifuri, aisee, nimeipenda.