Mnataka taco za bei poa, halafu mnataka na kitambaa cha meza

Kuna bwana mmoja kaupa mgahawa wa Wameksiko wa mtaani kwetu nyota mbili mtandaoni. Sababu? Zile chipsi za mahindi na salsa (mchuzi wa kuchovyea wa nyanya na pilipili), ambazo huletwa mezani kabla hujaagiza chochote na hulipii hata senti, aliletewa mara mbili tu. Alitaka za mara ya tatu. Mhudumu, anasema, "alijifanya hanioni". Nimesoma mara ya pili kuhakikisha hatanii. Hatanii. Mtu mzima kakasirika kwa sababu kitu cha bure kimefika mwisho.

Juu yake kuna mama katoa nyota tano na kuandika kwamba wale watu wanapika kama marehemu bibi yake kule Monterrey, Meksiko. Chini yake mwingine katoa nyota moja: "Hiki si chakula halisi cha Kimeksiko." Anayefuata anasema pilipili ni kali mno. Wa baada yake anasema hakuna pilipili kabisa, wamepika kwa ajili ya wazungu. Ukisoma yote mfululizo unaweza kudhani ni migahawa mitano tofauti.

Tunaoishi huku kusini-magharibi mwa Houston, Texas, tunaujua huo mgahawa, au tunawajua ndugu zake, maana wako kila kona. Uko kwenye safu ya maduka, katikati ya dobi la mashine na fundi wa matairi. Viti vya rexine vimechanika vikazibwa kwa gundi ya mkanda. Runinga inaonyesha mpira wa ligi ya Meksiko bila sauti, kelele zote zinatoka kwenye redio ya jikoni. Taco moja, yaani tortila (kijimkate chembamba kama chapati) iliyokunjwa na nyama ndani, dola mbili na nusu. Sahani ya mchana, yaani enchilada mbili (tortila zilizoviringishwa na kumwagiwa mchuzi), wali mwekundu na maharage ya kupondwa, haifiki dola kumi na mbili. Wajenzi wanaingia na vumbi lao saa sita mchana, na jioni ni familia zenye watoto wanaolala mezani.

Hili la "halisi" nilimalize haraka, maana linanichosha. Mlalamikaji kachukia jibini la njano juu ya enchilada. Ndugu yangu, uko Texas. Nchi hii ilikuwa Meksiko mpaka 1836, na waliokuwa wanapika hapa hawakuzima majiko eti kwa sababu bendera imebadilika. Jibini la njano, bizari nyembamba kwa wingi, tortila za ngano: hivyo ndivyo wanavyokula Wameksiko wa Texas, wamekula hivyo vizazi kwa vizazi. Ni kweli, Diana Kennedy, mwandishi wa vitabu vya mapishi, alipoandika juu ya mapishi ya Meksiko mwaka 1972 aliwafanya watu wengi wakidharau chakula cha huku mpakani. Lakini yeye alikuwa Mwingereza, nasema tu. Nachos zenyewe, yaani chipsi za mahindi zilizoyeyushiwa jibini juu, zilibuniwa Piedras Negras miaka ya 1940 na Ignacio Anaya, upande wa Meksiko kabisa, kwa ajili ya wateja waliovuka kutoka Texas. Na taco al pastor, ile ya nyama inayokatwa kutoka kwenye chuma kinachozunguka motoni, ambayo kila mpenda "halisi" anaisujudia, imetokana na shawarma ya wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani. Ukitafuta chakula ambacho hakijachanganyika na chochote utakufa njaa.

Kinachonichoma hasa ni bei.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye Watanzania, Wakenya na Wakongo wa hapa mjini, mtu kauliza tukutane wapi kula. Nikautaja mgahawa huu. Akajibu mmoja: "Dola kumi na mbili kwa wali na maharage? Si bora nipike kwangu." Watu wakacheka, vikatumwa vikatuni. Sawa. Haukupita muda, bwana huyo huyo kaweka picha ya siku yake ya kuzaliwa: tambi zilizokaangwa kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, mgahawa wa Kiitalia wenye taa hafifu, dola ishirini na sita. Chini kaandika "Mungu ni mwema". Mungu ni mwema kweli, lakini zile ni tambi na kitunguu saumu! Mpishi amezimaliza kwa dakika kumi na tano, tena akiongea na simu.

Nielezeni basi. Kwa nini tambi za Muitalia zikiwa ghali tunazipiga picha, na maharage ya Mmeksiko yakipanda dola moja tunasema tumeibiwa?

Jibu analo Krishnendu Ray, mhadhiri wa New York University, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza bei za migahawa ya Marekani. Anachosema ni kwamba bei tunayokubali kulipia chakula cha watu fulani inakwenda na heshima tunayowapa watu wenyewe. Wajapani walipotajirika, chakula chao nacho kilipanda daraja mpaka watu wakawa tayari kulipa mamia ya dola kwa samaki mbichi. Waitalia nao walipokuja huku wakiwa fukara walidharauliwa, leo tambi zao zinawashiwa mishumaa. Mmeksiko bado tunamwona kama mtu wa kukata majani ya uwanja na kuosha vyombo, kwa hiyo chakula chake lazima kiwe rahisi, na kisipokuwa rahisi tunahisi kama ametukosea adabu.

Si jambo la leo. Pale San Antonio, zamani za bibi zetu, wanawake wa Kimeksiko walikuwa wanawasha moto jioni kwenye viwanja vya mji na kuuza chili con carne, mchuzi mzito wa nyama na pilipili, kwa senti chache. Watu walitoka mbali kuja kula chini ya taa za mafuta, kisha wakarudi kwao kusimulia jinsi mahali palivyokuwa pachafu. Miaka ya 1930 wakuu wa mji wakawaondoa kwa sababu za afya. Mwaka 1977 bunge la Texas likatangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Mwaka 2003 chipsi za mahindi na salsa nazo zikatangazwa kitafunwa rasmi. Chakula kimepewa cheti, waliokuwa wakikipika walifukuzwa uwanjani.

Na kazi iliyomo humo, jamani! Mwombe mhudumu akukalishe kwenye kile kiti kinachotazama dirisha la jikoni. Utamwona mama mmoja mnene aliyefunga kilemba cha karatasi. Anakata donge la unga wa mahindi kwa kukadiria tu, analiviringisha, analiweka kati ya vipande viwili vya nailoni, anakandamiza kwa mashine ya chuma ya mkono, anabandua, anatupia kwenye bamba la moto. Anaigeuza tortila hiyo kwa ncha za vidole, bila mwiko. Inavimba katikati, anaibonyeza, anaigeuza tena, inaingia kwenye kitambaa. Wakati huo nyingine tatu ziko motoni na hakuna iliyoungua. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu na zinang'aa.

Ule unga nao si sembe. Mahindi makavu yamechemshwa kwenye maji ya chokaa, yakalazwa usiku kucha, asubuhi yakaoshwa maganda yakatoka, ndipo yakasagwa yakiwa na unyevu. Ndiyo, chokaa. Wenyeji wa Meksiko waligundua jambo hili maelfu ya miaka iliyopita, na ndilo linaloachilia vitamini ambayo mwili hauwezi kuitoa kwenye mahindi peke yake. Dunia ilichukua mahindi yao bila kuuliza yanapikwaje. Wamarekani wa majimbo ya kusini waliokula mahindi bila chokaa waliugua pellagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na kufa kwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi wenyewe, tunaoapa kwamba ugali ni chakula cha mababu, mbegu ilitoka kwao. Kwa hiyo ningetegemea angalau Mswahili asiwe wa kwanza kuuita mlo huu "wali na maharage".

Hapo sijagusa barbacoa, nyama ya kichwa cha ng'ombe inayopikwa usiku mzima kwa moto mdogo mpaka mashavu yanaachia mfupa. Mtu kaamka saa nane usiku kuangalia sufuria ili wewe asubuhi uandike "nyama tamu ila sahani ya plastiki". Mama ntilie wa Kariakoo akikupa sahani ya plastiki unamwambia ongeza mchuzi. Huyu unamnyima nyota.

Huduma ya polepole? Ndiyo, ni ya polepole. Kuna wahudumu wawili kwa meza zote zile, na mmoja ndiye pia anapokea simu za wanaoagiza kwenda nazo. Ila kabla hujamshtaki, jua kwamba sheria ya Marekani inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi ndiyo inayotarajiwa kumfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25, nacho kimeganda hapo tangu 2009, na Texas haijaongeza hata senti juu yake. Maana yake mshahara wa yule dada uko mfukoni mwako wewe uliyekaa pale na chipsi za bure. Halafu nyinyi ndugu zangu, ambao nyumbani tulizoea kuacha shilingi mia tano za chenji na kuona tumetoa sadaka, mnajua mnavyoacha dola moja kwenye bili ya arobaini. Yule dada anawakumbuka sura. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba alijifanya haoni.

Nikubali basi yale ya haki, ingawa sipendi. Choo kinahitaji msaada wa haraka, mlango haufungi na unashikilia kitasa huku unafanya shughuli zako. Wali siku za Jumatatu ni kiporo, mimi mwenyewe naujua. Redio ipunguzwe.

Na kuna lalamiko moja ambalo nalitilia saini kwa mikono miwili: maharage ya kupondwa yanapikwa kwa mafuta ya nguruwe, na menyu haisemi. Mapishi mengi ya kule ndivyo yalivyo, hakuna njama hapo. Lakini mtaa huu una Waislamu wengi, Wapakistani, Wasomali, watu wetu wa Mombasa na Unguja, na wanaingia wakiamini kwamba wakiagiza "maharage tu" wamesalimika. Hawajasalimika. Hata tortila za ngano ziulizie. Yule dada, kwa heshima zote, ukimuuliza atakuambia ukweli: chukua yale maharage mazima ya mchuzi, lakini uliza kama siku hiyo yametiwa nyama ya nguruwe, na nyama ya ng'ombe inachomwa bamba lile lile la nguruwe. Hapa mwenye mgahawa hana utetezi. Karatasi moja ukutani ingetosha. Aliyetoa nyota mbili kwa sababu hiyo ana haki, hata angetoa moja nisingemlaumu.

Lakini hebu tusijidanganye kwamba nyota ni maneno tu. Michael Luca, wakati huo akiwa Harvard, alichapisha mwaka 2011 utafiti wa migahawa ya Seattle akaonyesha kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, inaongeza mapato ya mgahawa kwa asilimia 5 hadi 9. Na cha kuuma ni hiki: migahawa yenye matawi nchi nzima haikuguswa, walioguswa ni hawa wa mtu binafsi. Yule mwenye matawi elfu anayeuza taco za boksi, zenye nyama inayofika ikiwa kwenye mfuko tayari, unaweza kumtukana usiku kucha na kesho foleni ya magari iko pale pale. Maneno ya bwana wa chipsi yanamfikia mama wa kilemba cha karatasi, basi.

Kwa hiyo mimi nimeandika yangu. Nimetoa nyota nne, moja nimeizuia mpaka waweke ile karatasi ya mafuta ya nguruwe, na nimewaambia hivyo mle dukani wakati nalipa. Dada kacheka, kasema atamwambia mwenyewe. Tutaona.

Mkienda, agizeni ulimi. Salsa ya kijani ndiyo yenye moto, nyekundu ni ya watoto. Jumamosi na Jumapili kuna menudo, supu ya utumbo yenye mahindi ya chokaa, unakamulia ndimu na kunyunyiza oregano (majani makavu ya kunukia), na mwenye usingizi wa Ijumaa machoni anapona. Ikifika saa tano asubuhi imekwisha, na haipikwi nyingine. Kuna mtu katoa nyota moja kwa sababu alikuja saa nane mchana akaikosa. Nawaombeni mumchangie anunue saa ya kengele.