Kodi ya urithi Uingereza: shamba la mamilioni, mfukoni hamna kitu

Hii ishu ya wakulima wa Uingereza kuandamana kupinga kodi ya urithi wengi waliiona kwenye picha za matrekta London Novemba 2024 wakasema aah hao matajiri hawataki kulipa, lakini ukikaa ukapiga hesabu si rahisi hivyo.

Kule kodi ya urithi ni 40% kwa mali inayozidi pauni 325,000, ila tangu 1992 mashamba na biashara nyingi za familia zilikuwa zinapita bila kukatwa kitu. Oktoba 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akatangaza kwamba kuanzia Aprili 2026 msamaha kamili unaishia milioni 1, inayozidi hapo unalipa 20%. Kelele zikapigwa mpaka Desemba 2025 wakapandisha kufika milioni 2.5.

Sasa chukua shamba la milioni 3 la mtu mmoja, na ile 325,000 isiyokatwa imeshatumika kwa mali yake nyingine. Kwa ule mpango wa kwanza warithi wanadaiwa kama laki 4, hata wakigawa kwa miaka 10 bila riba ni pauni 40,000 kila mwaka na kuna familia shamba lenyewe halibakishi hiyo hela. Utauza malisho? Ng'ombe wa maziwa utawapeleka wapi? Mwenye kampuni ndo kabisa, akichota gawio (faida ya kampuni) alipie hiyo kodi, gawio nalo linakatwa kodi kwanza.

Lakini serikali nayo ina hoja nzito. Takwimu zake za 2021/22 zinaonyesha 7% tu ya waliodai msamaha wa mashamba walibeba 40% ya faida yake. Na wenye hela walikuwa wananunua ardhi kukwepa hii kodi, Jeremy Clarkson wa televisheni alishasema mwenyewe ilikuwa sababu kubwa ya yeye kununua. Wakigombania ardhi bei inapanda, mkulima wa kawaida anahesabiwa milionea na hajaongeza hata ndama, yaani msamaha wa kumlinda nadhani ndo umemponza.

Mimi naona kodi ni haki, wanaoniuma ni wazee. Ukimpa mtoto shamba ukaishi miaka 7 baada ya hapo halikatwi. Wa miaka 55 sawa, wa 84 aliyekaa akijua msamaha upo hiyo 7 anaitoa wapi? Milioni 2.5 imewaokoa wengi, lile deni la laki 4 linashuka hadi laki 1, ila wazee wenye mashamba makubwa zaidi ya hapo walistahili kipindi chao cha mpito, hata miaka 3 badala ya 7.