Mwenye Nyumba wa Wiki ya 37

Kwa muda wa siku tisa za mwezi wa Juni nilikuwa mwenye nyumba katika jimbo la Florida. Nasema hivi bila kujigamba, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa yangu kwa siku saba tu katika kila mwaka, na katika siku hizo tisa za umiliki wangu sikulala humo hata usiku mmoja, kwani zamu yangu ilikuwa haijafika.

Wenye biashara hiyo huiita taimushea. Mimi niliyekulia Ngamiani, Tanga, katika mtaa uliokuwa na wanaume wa wake wawili na watatu, niliielewa upesi zaidi nilipoiita nyumba ya zamu. Nyumba ni moja, wenyewe ni 52, na kila mmoja ana wiki yake. Ukichelewa kutoka siku ya kuondoka, mwenzako yuko mlangoni na masanduku. Tofauti ni kwamba mume wa wake wawili huwagharamia wake zake, ilhali hapa sisi wake 52 ndio tunaomgharamia mume, tunampaka rangi, tunambadilishia mazulia na kumlipia bima, naye hana hata haya ya kutuuliza tumekula nini.

Mambo yalianza kwa simu. Nilitangaziwa kwamba nimechaguliwa kulala Orlando, mji wa michezo ya watoto huko Florida, usiku tatu pamoja na familia yangu kwa dola 149 tu, mradi mimi na mke wangu tukubali kusikiliza maelezo mafupi ya dakika 90, na tena lazima tuje wote wawili. Mama Zuhura aliniambia, "Baba Zuhura, hakuna anayetupa chambo bila ndoano." Nikamjibu kwamba samaki mwenye akili hula chambo na kuiacha ndoano. Tukaendesha gari kutoka Atlanta, mwendo wa kilomita zipatazo 700, watoto watatu nyuma wakigombania dirisha, na samaki mwenye akili akiwa ameshika usukani.

Dakika 90 zile zilikuwa sawa na saa za kadi ya harusi. Tuliingia saa tatu asubuhi na kutoka saa nane mchana. Kijana aliyetupokea alikuwa mchangamfu, akatupa maji ya matunda, akatuonyesha picha ya mwanawe, kisha akatutembeza katika nyumba ya mfano. Sitaki kusema uongo: ilikuwa nyumba nzuri. Ina vyumba viwili vya kulala, sebule, mashine ya kufua na ya kukaushia nguo, na jiko kamili, ambalo kwa familia ya watu watano ni jambo kubwa, kwa sababu kula mgahawani mara tatu kwa siku katika mji ule ni njia ya haraka ya kurudi nyumbani kabla ya wakati. Mama Zuhura alifungua kabati moja baada ya jingine, akazikagua sufuria, kisha akanong'ona kwamba ya kutosha wali wa watu watano haimo.

Tuliporudi mezani kijana akatoa kalamu. Aliniuliza hoteli nalipa kiasi gani kwa usiku. Kabla sijajibu alikwisha kuandika dola 200, akazidisha kwa usiku saba, akapata 1,400, akazidisha kwa miaka 30, na alipoongeza mfumuko wa bei wa asilimia 5 kila mwaka tukafika zaidi ya dola 90,000. Aliigeuza karatasi ituelekee, akaniangalia kwa huruma, kama daktari anayeleta majibu mabaya. Nami kweli nilishtuka, nikajiona mtu anayechezea mali.

Ni baadaye tu, nikiwa njiani, ndipo nilipokumbuka kwamba katika miaka yangu 14 ya kukaa Marekani nimelala hotelini mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa sababu mitambo ya joto ya nyumba yetu iliharibika Januari. Likizo zangu mimi hufanyika Ohio kwa shemeji yangu, ambapo tunalala sakafuni juu ya magodoro ya kukodoa macho, na bei ya sakafu ya shemeji haijapanda kwa asilimia 5 wala kwa asilimia yoyote. Ninatakiwa kununua nyumba ili niokoe fedha ambazo sijawahi kuzitumia.

Bei ya kwanza ilikuwa dola 38,000. Nilipokohoa, akaja meneja na kusema kwamba kwa leo tu ni 29,000. Nilipomtazama Mama Zuhura, akaja bwana wa tatu, mwenye tai, akasema kuna wiki moja iliyorudishwa na mteja, dola 22,000, lakini nikitoka mlangoni bei hiyo inakufa. Mtu yeyote aliyewahi kununua kitenge Kariakoo anajua kwamba muuzaji akijishushia bei mwenyewe, wewe hujasema neno, ni wakati wa kukikunjua kitambaa na kutafuta tundu. Nilijua hayo. Hata hivyo nilitia saini.

Niliponzwa na mambo mawili. La kwanza ni malezi. Sisi watu wa pwani tumefunzwa kwamba aliyekukirimu haondoki bure, na yule kijana alikuwa amenijazia bilauri mara tatu. La pili ni neno hati. Walisema nitapewa hati, ya milele, yenye jina langu. Kwetu hata kiwanja cha jasho lako serikali hukupa kwa miaka isiyozidi 99, na kuipata hati yenyewe ni safari ya kuvaa viatu viwili vitatu, na hapa mtu ananipa milele kabla ya sala ya adhuhuri. Nikalipa dola 2,200 za kutangulia kwa kadi, na 19,800 zilizobaki nikaandikiwa mkopo wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 16. Mama Zuhura alitakiwa kutia saini vilevile. Alisema, "Haya, natia saini kama shahidi wa ajali."

Tulipofika nyumbani binti yetu Zuhura, ambaye ana miaka 17 na anaipenda hesabu kuliko anavyonipenda mimi, aliketi na makaratasi. Kila mwezi nitalipa dola 332 kwa miezi 120, yaani karibu dola 39,800, na nikiongeza za kutangulia zinafika 42,000 kwa kitu kilichouzwa 22,000. Juu yake kuna ada ya matunzo, dola 1,150 kwa mwaka, na ada hiyo hulipwa ulale usilale. Hapo ndipo Zuhura aliponiuliza swali ambalo hadi leo linaniuma: mbona yule kijana alipopandisha bei ya hoteli kwa asilimia 5 hakuipandisha na ada yake mwenyewe? Akaipandisha yeye. Miaka 10 ikawa zaidi ya dola 14,400. Jumla kuu, dola 56,000 na kitu, ukigawanya kwa usiku 70, kila usiku mmoja unanigharimu zaidi ya dola 800. Kwa fedha hizo natarajia kuamshwa na mfalme.

Na baada ya miaka 10 mkopo unakwisha lakini ada haikwishi. Kwa mwendo uleule wa asilimia 5, mwaka wa 11 inakuwa dola 1,873. Sisi tunaielewa michango. Hakuna Mtanzania asiyewahi kufuatwa na kamati ya harusi. Lakini kamati ya harusi, hata iwe na mwenyekiti mkali namna gani, huvunjwa baada ya bibi harusi kuondoka. Hii ni kamati isiyovunjwa, ya harusi isiyokwisha, na mkataba unairuhusu kuitisha mchango maalumu paa likiezuliwa.

Kuhusu paa, nirudi kwenye wiki ya 37. Nilikuwa nimeisaini bila kutazama kalenda. Wiki ya 37 ni katikati ya Septemba, wakati vimbunga vya Atlantiki vinapokuwa vimepamba moto. Kimbunga Ian cha Septemba 2022 kilileta mafuriko hata Orlando, mji ambao hauko ufukweni. Aidha, shule za kwetu Georgia hufunguliwa mapema Agosti. Kwa hiyo nimenunua haki ya milele ya kwenda katika mji wa michezo ya watoto, bila watoto, wakati wa tufani. Sasa nilielewa kwa nini mteja wa kwanza aliirudisha.

Nilipiga simu kuuliza. Nikaambiwa nisihofu, kwani wiki hubadilishwa: unaiweka wiki yako katika kampuni ya mabadilishano, unalipa uanachama wa mwaka, unalipa ada ya kila badiliko, na unapewa wiki mahali pengine duniani. Nikauliza kama naweza kupata Tanga. Kukawa na kimya, kisha sauti ikaniuliza kama Tanga iko karibu na Bahamas. Isitoshe, wiki za kubadilishana hupimwa kwa thamani, na anayeshika wiki ya tufani hapewi wiki ya Krismasi, kama vile mwenye baiskeli asivyoweza kubadilishana na mwenye gari kwa hoja kwamba vyote vina magurudumu.

Likizo yenyewe pia si bure. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kukupa likizo yenye malipo, na ghalani ninakofanya kazi za usiku nina siku 10 kwa mwaka. Wiki ya Orlando inameza tano. Kwa tano zinazobaki siwezi kwenda Tanga na kurudi. Nitafika, nitasalimia, nitalia kidogo, nitarudi. Mama yangu ana miaka 78. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba sitakuja kwa sababu nina zamu.

Lakini lililomwondolea Mama Zuhura usingizi ni lile neno milele, kwa kuwa milele maana yake ni mirathi. Siku moja nitakufa. Kwa sheria ya Kiislamu mke mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na thumni ya siku saba ni saa 21. Zinabaki saa 147. Mtoto wetu wa kiume Idi atapata saa 73 na nusu, na mabinti wawili saa 36 na dakika 45 kila mmoja. Hebu mwazie mjane wangu anaingia Ijumaa jioni akiwa ameshika saa mkononi, anapika haraka, anafua haraka, na Jumamosi jioni, saa tatu kabla ya kutimiza siku, Idi anabisha hodi kudai haki yake. Na kwa kuwa madeni hutangulia mirathi, hakuna atakayevuka kizingiti kabla ada haijalipwa. Warithi wanaweza kuukataa urithi wa namna hiyo, ni kweli, lakini ni baba gani anayetaka kukumbukwa kwa kitu ambacho wanawe walikwenda kwa wakili ili wasikipate?

Nikaamua kuuza. Nilitafuta kwenye intaneti bei ya nyumba za jengo lile lile, nikidhani nitapoteza elfu mbili tatu. Nilimkuta mtu anauza wiki yake kwa dola moja, na ameahidi kulipa mwenyewe gharama za kuhamisha hati. Hakuwa peke yake. Chini yake yalikuwapo matangazo ya watu wanaoahidi kukutoa katika mkataba ukiwalipa maelfu ya dola mapema, watu ambao Tume ya Shirikisho ya Biashara imekuwa ikituonya tusiwape kitu. Yaani kuna biashara ya kuingiza na biashara ya kutoa, na katikati tumesimama sisi na kadi zetu.

Nakiri kwamba wapo wanaonufaika. Mwenzangu mmoja kazini huenda kila mwaka, hakosi, ana wiki ya Julai, aliinunua kwa karibu bure kutoka kwa mzee aliyechoka, analipa ada tu na ana amani moyoni. Simwonei wivu. Ila yeye alinunua likizo, mimi nilinunua maji ya matunda.

Aliyeniokoa ni Zuhura, aliyesoma mkataba hadi maandishi ya mwisho. Sheria ya Florida humpa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba huu bila kueleza sababu, na haki hiyo huwezi kuisaini uiache hata ukitaka. Ilikuwa siku ya tisa. Niliandika barua ya sentensi tatu, nikaenda posta, nikaisajili, na nikamwomba yule mama wa dirishani agonge muhuri wa tarehe kwa nguvu. Fedha zilirudi baada ya wiki kadhaa.

Novemba, watoto walipofunga shule kwa wiki ya sikukuu ya Shukrani, Mama Zuhura alikodi nyumba ya vyumba viwili katika jengo lile lile, kutoka kwa mmoja wa wenye zamu aliyekuwa akihangaika kurudisha ada yake, kwa dola 950 wiki nzima. Sufuria kubwa tuliibeba wenyewe kwenye buti. Tulipokuwa tukipokea funguo, dada wa mapokezi alitabasamu, akatusogezea bilauri mbili za maji ya matunda, akasema kesho asubuhi kuna maelezo mafupi ya dakika 90. Mama Zuhura akamjibu kwa upole kwamba anasikitika sana, lakini mume wake haelewi Kiingereza. Nami, baada ya miaka 14, nikatikisa kichwa kwa huzuni na kuirudisha bilauri mezani.